Koti la Onesmo

Mimi ndiye kijana wa Lufuna. Nina miaka sitini na moja, goti la kushoto halikunjiki, na bado paa la mtu likivuja huku mlimani utasikia, "Mwiteni yule binti." Binti ni mimi. Ngazi nabeba mimi, mitungi ya gesi nasukuma mimi, na zamani sherehe zilipokuwapo, maji ya kunawa niliwamiminia mimi, kwa kuwa mdogo ndiye anayenawisha. Sina wa kumpokeza. Walionifuata kuzaliwa wote wako Kaskazini, wanawaogesha wazee wa watu wengine.

Hakuna aliyewafukuza. Nchi za Kaskazini zilizeeka kabla yetu, zikaja kuomba mikono, na vijana wetu wakaenda na mikono yao. Waliobaki walizaa mmoja, au hawakuzaa kabisa, kwa sababu wa kuzaa naye alikuwa ameshapanda ndege. Kisha ikaja sindano ya moyo, unachomwa mara moja kwa mwaka, nasi tukaacha kufa. Shule ya msingi ya Lufuna sasa ni nyumba ya kutunzia wazee. Kengele ya shule bado ipo, inagongwa wakati wa vidonge.

Kazi yangu ni ufundi wa visanduku. Kila nyumba inacho kimoja ukutani, cha Huduma ya Ukaribu. Kijana kabla ya kuondoka alitakiwa kuacha sauti: alikaa chumbani na mashine majuma kadhaa akiongea, akicheka, akigombana, akisimulia utoto wake, mpaka mashine ikamjua. Akishafika huko, akiwa na nafasi anapiga mwenyewe. Akiwa zamu, mashine inampigia mama yake kwa sauti yake, na mazungumzo yote yanamfikia, ili kesho aendelee pale yalipokomea. Mzazi hajui leo ni nani. Wengi wetu tuliacha kuuliza.

Asubuhi ile nilipanda kwa Mama Onesmo kwa sababu alikuwa ametuma malalamiko ambayo sikuwahi kuyapata tangu nianze ufundi. Watu hulalamika kwamba kisanduku kinakwaruza, kinachelewa, kinakatakata. Mama Onesmo alisema chake kina nafasi mno.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai. Mashine za kuchuma zilikuwa zinapita ndani yake bila mtu, unasikia majani yakikatwa, huoni kitu. Nikagonga.

"Hodi humu, kwa walaji wa mbwa!"

"Karibu, mla panya. Futa miguu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umezeeka tangu juzi."

Asiyetujua angedhani tunagombana. Mimi ni Mngoni, yeye ni Mhehe. Mababu zetu walichinjana mpaka wakachoka, kisha wakaamua bora wataniane, na utani huo ndio urithi wangu wa pekee katika mji huu. Mngoni mwingine hayupo. Kwa hiyo Mhehe akifa Lufuna, mtani ni mimi. Navaa nguo za marehemu, natembea mwendo wake, nasema kwa sauti yake, nautangaza ubahili wake mbele ya wajane mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Wakishacheka, ndipo wanaamini kwamba amekwenda. Mtu aliye hai havaliwi nguo zake namna ile, ni mwiko. Na mtani msibani hakaripiwi wala hashitakiwi, afanye atakalo.

Mama Onesmo alikuwa na miaka themanini na minane. Alikaa kwenye kiti chake cha mianzi, kinachotazama mlango. Nyuma ya mlango lilining'inia koti la mvua la mwanawe, la kijani, la tangu siku zile Onesmo anafanya kazi kiwanda cha chai. Alikuwa analipangusa vumbi kila Jumamosi.

"Haya, kisanduku kina shida gani?"

"Hakina shida. Mwanangu ndiye mwenye shida. Amepata nafasi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Miaka yote, Filotea, Onesmo akipiga, nikianza tu habari ya kuku wangu ananikata. 'Mama, kengele hiyo, baadaye.' Wale wazee wake wanamgongea kengele, anakimbia. Nilikuwa namtukana mpaka namlaani. Sasa juzi nimemsimulia habari ya kuku kuanzia yai mpaka supu. Ananiambia, endelea mama, nakusikiliza."

"Labda wamempunguzia zamu."

"Nimemzaa mimi. Yule hata tumboni hakutulia."

Nilikuwa namfahamu Onesmo. Tulisoma darasa moja, na alikuwa kweli mtu wa mbio. Pia naijua hiyo kengele. Binti yangu Imelda yuko hukohuko Kaskazini, na sijawahi kumaliza naye sentensi tatu. Nilikuwa nakasirika kila Jumapili, nikisonya simu ikishakatwa.

Nikafungua kisanduku. Ndani mna taa ndogo ambayo mafundi tu tunaiona. Ikiwa ya kijani, anayeongea ni mtu. Ikiwa ya njano, ni mashine, nayo humetameta muda wote kwa sababu inamtafuta mwenye sauti ili impokeze mazungumzo. Ya Mama Onesmo ilikuwa ya njano. Haikumetameta. Ilikuwa imetulia tuli, haimtafuti mtu yeyote.

Nikafunga haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chooni akamkuta mwenzake.

"Umeona nini?"

"Nitawauliza Iringa."

"Waulize. Lakini sikiliza." Alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Kama yupo, nitangoja. Kama hayupo, niambie, nikae chini. Nimechoka kukaa kitini, Filotea, natazama mlango. Fundi anaweza kunidanganya, pengine ndiyo kazi aliyoajiriwa. Mtani wangu je?"

 Nilishuka mlima bila hata kunywa uji wake.

* * *

Mkuu wangu wa kazi Iringa anaitwa Msigwa. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, ana sauti nzuri, na si mtu mbaya. Nasema hivyo mapema, kwa kuwa ningependa awe mbaya.

"Amefariki," akaniambia kwenye simu, wala hakuzunguka. "Mwaka jana, mwezi wa tisa. Alikuwa anamgeuza mzee mmoja kitandani, akaanguka. Wakauchoma mwili hukohuko, ndiyo desturi yao. Pole, dada Filotea. Najua mlisoma pamoja."

"Na ninyi mkanyamaza?"

"Sisi tukaendelea."

 Nje ya ofisi yangu, ambayo zamani ilikuwa stoo ya vitabu vya shule, bibi mmoja alikuwa anaimba peke yake wimbo wa kuruka kamba.

"Usinione mkatili," akasema Msigwa. "Mama yangu mzazi aliambiwa. Dada yangu alifia huko, nasi tukamwambia mama kwa sababu ndiyo haki, ndiyo dini, ndiyo kila kitu. Akageukia ukuta. Ugali hakuugusa tena. Mvua za mwaka ule hakuzimaliza. Na si yeye tu, tumeona wengi. Asiyeambiwa anaishi. Anapigiwa, anaamkiwa, anacheka. Sasa niambie wewe, haki ya mama yangu ilimsaidia nini?"

"Mama Onesmo ameshajua."

"Anashuku. Kushuku hakuui."

"Anajua, kaka! Na anajua kwa sababu ninyi ni wajinga." Hasira ilikuwa imenipanda, na mimi hasira ikinipanda sina breki. "Mmevifundisha hivyo visanduku kupenda, hamkuvifundisha kuchoka. Mtoto wa kweli hana nafasi. Ukianza habari ya kuku anakukata!"



"Anakukata vipi?" akauliza taratibu.

Basi nikamwigizia. Nimezaliwa mtani, kuigiza ndiyo damu yangu. Nikatoa ile pumzi ya haraka, nikageuza kichwa pembeni kama mtu anayesikia mlio, nikasema, "Mama, kengele hiyo, baadaye," na lile "baadaye" nikalimeza katikati, kama wanavyolimeza wote. Nikairudia, maana aliniomba niirudie. Nilimwigiza Onesmo, nikamwigiza na Imelda wangu.

"Ahsante," akasema Msigwa. "Hilo hatukuwa nalo."

Nilidhani nimemshinda.

"Usimwambie," akaongeza kabla ya kukata. "Ukimwambia mmoja umewaambia wote. Na ulikula kiapo."

Ni kweli nilikula kiapo. Nilikula kama fundi.

Hata hivyo sikuwa na raha. Ningesema uongo nikidai niliwaza haki. Niliwaza mama yake Msigwa na ule ukuta. Mama Onesmo nilimpenda, yeye ndiye mtu pekee Lufuna aliyenitukana kila siku, na nilimtaka aendelee kunitukana. Nikikaa kimya nitakuwa naye miaka mingi, ameketi kitini, anatazama mlango. Nikisema, huenda nikamzika kabla ya mahindi kukomaa, na nitakayemvalia nguo ni yeye. Nilizunguka na jambo hilo mchana mzima, nikaunguza hata ugali.

* * *

Kesho yake nilipofika alikuwa uani, anawatupia kuku mahindi. Mlango ulikuwa wazi. Niliingia kimyakimya, nikalitoa koti msumarini, nikalivaa.

Lilinuka moshi. Mikono ilikuwa mirefu. Nikakumbuka alivyokuwa anatembea Onesmo: kifua mbele, bega moja limeshuka, kama mtu aliyechelewa hata mahali asipotakiwa. Kila akitoka kiwandani alikuwa anapiga teke mwimo wa mlango kutoa tope, na mama yake alimgombeza kwa hilo miaka nenda rudi. Nikazunguka nyumba. Nikaja uani kifua mbele. Nikapiga teke mwimo.

"Mama! Humu ndani kuna chakula, au leo tena tunakula maneno?"

Alicheka. Hilo ndilo silisahau. Aligeuka akacheka, kicheko kikubwa cha msichana, na kuku wakaruka. Kisha kicheko kikaishia katikati. Macho yakashuka kwenye koti, yakapanda usoni kwangu, yakarudi kwenye koti.  Neno lingine halikuhitajika. Mhehe yeyote anajua Mngoni huvaa nguo za mtu lini.

Bakuli la mahindi alikuwa nalo mkononi. Aliliweka chini polepole, akilitafutia mahali pa kukaa sawa.

"Lini?"

"Mwaka jana, mama. Mwezi wa tisa."

"Nani alimfumba macho?"

"Sijui."

Akatikisa kichwa. Nikaanza kulivua lile koti.

"Usivue. Tembea tena. Lile bega hukulipatia."

Nikatembea tena. Nilikuwa nalia waziwazi kama mtoto, natembea kifua mbele, nikishusha bega, na yeye anasema, "Zaidi. Zaidi kidogo. Ehee." Nilipolipatia bega alifunika uso kwa kanga.

Hapo ndipo kisanduku kilipoita ndani.

"Hodi, mama. Shikamoo."

Tuliingia wote wawili. Sauti ilikuwa ya Onesmo, na mimi nimesimama katikati ya chumba na koti lake.  Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi nilikiogopa kisanduku, na nikajiogopa na mimi, maana tulikuwa wawili tunaomwigiza marehemu mmoja.

"Marahaba, baba," akasema Mama Onesmo. Shikamoo haiachwi bila kujibiwa.

"Sauti yako si nzuri. Unalia?"

"Mafua tu. Onesmo, una nafasi?"

"Ninayo, mama. Nafasi yote."

"Basi pumzika, mwanangu. Umenitunza vya kutosha."

 Kisanduku kikasema, kwa ile sauti ya mtoto aliyerudi na daftari lina makosa, "Mama, nimekosea nini?"

Alinitazama, akanionyesha ukuta kwa kidevu. Nikachomoa waya.

Akavua viatu. Akakisogeza kando kile kiti cha mianzi, akajishusha, mkono mmoja begani kwangu, mpaka akafika sakafuni. Akanyoosha miguu. Ndipo akaanza kulia kwa sauti, kwa Kihehe, akimwita kwa majina ambayo sikuwahi kuyasikia.

* * *

Tulizika koti. Mwili haukuwepo, na wazee walisema alichokivaa mtu kinatosha kumwakilisha. Shimo lilikuwa dogo. Hata lingetakiwa kubwa tusingeliweza. Tulichimba kwa zamu, kila mmoja mapigo machache ya jembe, kisha anakaa kwenye kigoda anahema. Watu walikuja kutoka mlima mzima kwa fimbo zao. Niliwachekesha. Nilimwigiza Onesmo akichelewa kwenye mazishi yake mwenyewe, na Mama Onesmo alinirushia udongo.

Lakini nilipomaliza, hakuna aliyeondoka. Walikuwa wananitazama. Mzee Kihwele, ambaye watoto wake wanne wote wako huko na anapigiwa kila jioni, alinisogelea.

"Mtani," akasema kwa sauti ya chini. "Na wa kwangu?"

"Sijui, mzee."

"Unafungua visanduku."

"Sijafungua chako."

"Usikifungue," akasema upesi. Kisha, baada ya kufikiri, "Jana nilimwambia kitindamimba habari za figo yangu. Alisikiliza yote."

Nikamshika mkono tukatelemka naye.

Tangu siku ile nikipita njiani watu wanaangalia kwanza nimevaa nini. Nikibisha hodi wananichungulia dirishani. Ukungu ukiwa mzito nasikia milango ikifungwa kabla sijafika. Na jioni, visanduku vinapoanza kuita, kila nyumba unasikia mzee akisimulia jambo refu, la bure, la kuchosha: ndoto, choo, bei ya chumvi zamani. Wanasimulia polepole, halafu wananyamaza na kusubiri. Wanaomba kukatwa. Ukutani unajibiwa, endelea baba, endelea mama.

Mama Onesmo hakugeukia ukuta. Alikula kidogo, akalala sana, akakigeuza kiti chake kikatazama moto. Akanitukana kama kawaida.

Kisha siku moja ya Jumapili nikasikia kelele mlimani. Nilitoka nje nikidhani moto umeshika. Mzee Kihwele alikuwa anakuja bila fimbo, machozi yanamtoka.

"Amenikata!" akapiga kelele. "Kitindamimba! Nimefika tu kwenye figo, 'Baba, kengele hiyo, baadaye!' Yu hai, mtani! Yu hai, mshenzi yule!"

Nyumba ya pili, vilevile. Ya tatu, bibi alikuwa anacheza uani. Watoto wote wa Lufuna walikuwa wamekosa nafasi siku moja. Wote walitoa pumzi ya haraka. Wote walilimeza lile "baadaye" katikati, vilevile, mahali palepale nilipolimeza mimi.

Nilikimbia kama goti linavyoruhusu, nikafungua kisanduku cha kwanza nilichokifikia. Taa haikuwaka kijani wala njano. Nikampigia Msigwa.

"Taa tumezizima nchi nzima," akasema. "Zilikuwa zinaleta usumbufu. Na ahsante sana, dada, kwa yale mafunzo. Watu wana furaha. Husikii?"

Nilikuwa nawasikia. Walikuwa wameanza kupiga vigelegele.

Kisanduku changu kilikuwa kinaita nilipofika nyumbani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, Imelda."

Sikuwahi kufungua changu, miaka yote. Sikuona sababu, mwanangu hakuwa na nafasi. Nikaketi. Nikaanza kumsimulia habari ya paa la Mzee Kihwele, neno moja moja, nikisikiliza pumzi yake.

"Mama, kengele hiyo, baada..."

Nilibaki nimeketi mbele ya ukuta. Sikusonya. Nilijaribu kukumbuka Jumapili iliyopita alilimeza wapi neno hilo, na ile ya kabla yake, na sikukumbuka, kwa sababu nilikuwa nakasirika badala ya kusikiliza.

Nikapanda kwa Mama Onesmo. Nyumba yake peke yake ndiyo iliyokuwa kimya. Hakuniuliza hodi yangu imekuwaje bila matusi.

"Mwanao amepiga?"

"Amepiga."

"Amesemaje?"

"Amesema hana nafasi."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nje bado walikuwa wanaimba. Kisha akasogea mkekani akanipa mahali, na mtani wangu, Mhehe wa miaka themanini na minane, akaniuliza Imelda aliacha nguo gani nyumbani.

"Sweta," nikasema. "Jekundu. Lina kifungo kimoja kimekatika."

"Litundike karibu na mlango," akasema. "Miguu yangu siku hizi haifiki mbali."